Kupiga

Karatasi ya wabunge ilikuwa pana kuliko kitenge cha mama.
Tuliitandaza juu ya dawati la darasa la tatu, pale Kadutu,
ikafunika majina yaliyochongwa na watoto kwa wembe,
ikaning'inia pembeni.
Nyuso mia mbili na kitu, kila mmoja na namba yake,
kila mmoja na tai, hata wale niliowajua hawana tai.

Mimi nilikuwa katibu wa biro. Kazi yangu kusoma karte,
kutafuta jina kwenye orodha, kusema, "Pita, mama."
Tangu alfajiri mstari ulishuka kutoka lango la shule
hadi kwa wauza makala, ukakunja kona, ukashuka tena.
Bukavu haina tambarare.
Hata kungoja, hapa, ni kupanda mlima.

Akaja Nsimire M'Cirhuza, na fimbo, na raba za mjukuu.
"Nifundishe hii ya siku hizi," akasema.
"Ile ya zamani naijua."

Ile ya zamani sote tuliijua.
Ilikuwa uwanjani. Tulipiga makofi, wakahesabu makofi,
au hawakuhesabu: aliyeko juu alisikia, akatosheka.
Mwaka mwingine kukawa na kadi ya kijani na kadi nyekundu,
na askari mmoja, amesimama karibu na nyekundu.
Nilikuwa na miaka tisa. Tulivalishwa kitambaa chenye uso wake,
tukacheza mpaka uso wake ukatoka jasho
mgongoni mwangu.

Lugha yetu ina kitenzi hiki kimoja,
inakitumia kama mjane na sufuria yake:
uji humo, maharage humo, maji ya kuoga humo.
Unapiga pasi, unapiga chafya, unapiga magoti,
unapiga mtoto, unapiga kura.
Na bibi huyu, mtaa mzima unajua, alipigwa siku moja Nyawera
kwa sababu alipiga miayo
katikati ya hotuba.

Akaingia nyuma ya kadibodi. Tukaona raba tu.
Dakika tano. Dakika kumi. Karatasi ikalia kwarakwara
kama mabati upepo wa ziwa unapopanda.
Mashahidi wa vyama wakaanza kukohoa.
Nje mtu akauliza kama tumempa na godoro.
Prezida wa biro, Zihalirwa, akanikonyeza,
nikasogea, nikauliza bila kuchungulia:
"Mama, kuna shida?"

"Hakuna. Nawaangalia."
Karatasi ikageuzwa.
"Miaka yote walikuwa wananiangalia wao."

Kisha, baadaye: "Huyu wa mia na kumi na saba.
Si ndiye aliyeshika mjeledi, Nyawera?"
"Mama, siruhusiwi kujibu."
"Sijakuuliza wewe. Nampa habari yeye,
kwamba nimemwona."

Akatoka. Akachovya kidole kwenye wino,
akakibeba mbele yake mpaka langoni
kama mtu aliyejikata na hataki kuchafua nguo.

Usiku umeme ukaondoka, kama kawaida yake.
Tukawasha taa ya petroli, tukala sambaza zilizopoa,
tukafungua masanduku.
Zihalirwa anasoma namba, mashahidi wananyoosha shingo,
mimi nachora vijiti ubaoni, chini ya hesabu za watoto:
saba mara nane, ambayo mtu aliikosea
na hakuna aliyekuwa ameifuta.

Saa nane usiku nikapiga miayo.
Mikubwa, ya sauti, mdomo wazi kama mlango wa ghala.
Mabega yangu yakapanda yenyewe.
Yakasubiri.

Taa ikavuma. Mbwa akabweka upande wa Bagira.
Zihalirwa akakunjua karatasi nyingine, akaigeuza kwenye mwanga,
akasoma:
"Mia na kumi na saba. Moja."

Nikashusha mabega.
Nikachora kijiti chake.